Faili la maandishi matupu si salama kila mara
Wengi huamini faili la maandishi matupu haliwezi kudhuru kompyuta, eti ni herufi tu. Kweli, herufi haziendeshwi. Lakini kinachozisoma ni programu, na programu hukosea hesabu.

Chukua Notepad++, programu ya kufungua na kuhariri maandishi. Mwaka 2023 ilibainika kwamba, ikibadili maandishi ya UTF-16 kuwa UTF-8 (mitindo miwili ya kuhifadhi herufi kama baiti), ilikadiria kila baiti 2 zitazaa zisizozidi 3, ikatenga kumbukumbu kwa kipimo hicho. Baiti zikija kwa idadi isiyogawanyika kwa 2, hesabu ilipinda na za ziada zikamwagikia data ya jirani. (Mkia wa .txt haukingi chochote hapo.) Mara nyingi programu huanguka tu, lakini mjanja akipanga vizuri kinachomwagika, huenda akapenyeza amri zake. Toleo la 8.5.7 liliziba tundu hilo.