SoNy ya Awendo haiuzi redio

Tangu Salgaa hadi Kericho, kijana aliyekaa nyuma yangu kwenye matatu alikuwa akimshawishi mwenzake kwamba Wajapani waliwahi kumiliki timu ya kandanda kule Awendo. "Sony, buda! Jina si linajisema?" Mwenzake alikuwa na shaka ila hakuwa na hoja, na kwenye ubishi wa matatu mwenye sauti ndiye mwenye haki. Nilijikaza nikanyamaza. Tulipofika Awasi uzalendo ukanishinda, nikageuka.

SoNy Sugar haijawahi kuwa na uhusiano na redio wala televisheni. Jina hilo ni kifupi cha South Nyanza, yaani Nyanza Kusini, na ni la kampuni ya sukari iliyoko Awendo, katika kaunti ambayo leo ni Migori. Ndiyo sababu waandishi makini huandika S kubwa na N kubwa. Kampuni iliajiri, ikalipa mishahara, ikanunua jezi, na timu ikachukua jina la tajiri wake. Wala haikuwa timu ya kuchekwa: mwaka 2006 ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mbele ya klabu za Nairobi zenye mashabiki wa kujaza viwanja.

"Kumbe!" akasema yule mwenye shaka, akimtazama mwenzake kama mtu aliyelipwa deni.

Basi safari iliyobaki ikawa darasa. Nimeishi Nakuru miaka mingi, nina jamaa Kisumu na wakwe Bunyore, na nimesikia majina ya timu zetu yakitafsiriwa kila namna. Kwa uzoefu wangu, ukitaka kujua maana ya jina la timu huku kwetu, usiulize kwanza kabila. Uliza nani alinunua jezi.

Chukua ukanda wa miwa. Chemelil, Mumias, Nzoia, SoNy: anayesikia majina haya kwa mbali hudhani ni timu za vijiji vilivyojichangia mpira. Hizo zilikuwa timu za viwanda. Nzoia hata si mji, ni mto, na kiwanda cha sukari kule Bungoma kikajiita hivyo, kisha timu ikarithi. Uzuri wa jambo hili ni kwamba kijana wa kata isiyojulikana alipata uwanja, kazi na mshahara bila kuhamia Nairobi. Ubaya wake ni kwamba kiwanda kikikohoa, timu inalazwa. SoNy ile ile ya 2006 ilifukuzwa ligi kuu mwaka 2019 baada ya kukosa kufika kwenye mechi tatu kwa sababu ya ukata.

Raga nayo ina miwa yake. Kabras ni jina la watu, Wakabras wa upande wa Malava katika Kaunti ya Kakamega, lakini Kabras Sugar ni timu iliyobebwa na kampuni ya sukari ya West Kenya. Walipochukua Kombe la Kenya mara ya kwanza mwaka 2016, wapo watu wa Nairobi waliodhani Kabras ni neno la Kihispania.

Hapo dereva akachangia bila kugeuza shingo: "Na Oilers wetu wa Nakuru je? Si Menengai kuna mafuta chini?"

Hapana. Menengai ni mlima wa volkano wenye shimo kubwa, uko juu ya mji wa Nakuru, na kinachochimbwa huko ni mvuke wa kuzalisha umeme. Mafuta ya petroli yaligunduliwa Turkana, mwaka 2012, mbali sana na sisi. Menengai Oilers, timu ya raga, wamepata jina kwa kiwanda cha Nakuru kinachotengeneza mafuta ya kupikia na sabuni. Kwa hiyo ni mafuta ya chapati, si ya gari. Dereva alicheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya usukani.

Kuna mkanganyiko mwingine hapo hapo. Sabuni ya Menengai Cream iliwahi kuidhamini Homeboyz, klabu ya raga ya Nairobi, na kwa hilo watu wakaichanganya na Oilers. Wengine huichanganya na Kakamega Homeboyz, ambayo ni timu ya kandanda na nyumbani kwake ni uwanja wa Bukhungu. Ni timu tatu tofauti. Shabiki wa Kakamega Homeboyz mwenyewe hasumbuki na hayo, yeye huiita Abana Beru, watoto wetu, na kazi imeisha.

Western Stima nayo huwachekesha wageni kutoka Tanzania, maana kwao stima ni chombo cha majini. Wako sahihi, na sisi pia. Neno limetoka kwa meli za mvuke, zile zilizokuja Ziwa Victoria pamoja na reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Kwa Mkenya stima ni umeme, na timu hiyo ilikuwa ya watu wa kampuni ya umeme. Jina lingeweza kuzaliwa popote, lakini kulisikia likiimbwa Kisumu, mji wa bandari, kuna utamu wake.

"Gor ni timu ya Kisumu, na Ingwe ni ya Kakamega"

Hii ndiyo dhana kongwe kuliko zote, na nimewahi kuitetea mwenyewe nikiwa mdogo. Ukweli ni kwamba Gor Mahia na AFC Leopards, ndiyo Ingwe, zote zina makao Nairobi. Zilianzishwa na watu wa magharibi waliokwenda mjini kutafuta kazi na ambao Jumapili walihitaji mahali pa kusikia lugha ya nyumbani. Leopards, wakati huo ikiitwa Abaluhya United, iliundwa mwaka 1964 kwa kuunganisha timu ndogo za watu wa Marama, Samia, Bunyore na wengineo. Gor Mahia ilizaliwa Februari 1968 kutokana na Luo Union na Luo Stars, na mwaka huo huo ikachukua ligi. Timu hizi huja Kisumu na Kakamega kama mtoto aliyefanikiwa mjini: anapokelewa kwa shangwe, analala siku mbili, anarudi.

Jina Gor Mahia lenyewe limebebeshwa mengi. Nimeambiwa ni ndege, nimeambiwa ni mungu wa ziwa, na mtu mmoja mwenye shahada aliniapia kwamba ni mchezaji wa zamani. Gor alikuwa mtu, mganga na mtawala wa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa katika Kaunti ya Homa Bay ya leo. Mahia ni sifa aliyopewa kwa mambo yake ya ajabu, na neno hilo la Kidholuo liko mahali fulani kati ya uchawi na muujiza. Babake ni Ogalo, ndiyo maana timu huitwa pia K'Ogalo: ile K' ya mbele hufanya kazi kama "kwa" yetu, kwa Ogalo. Nalo jina la utani la Sirkal ni neno letu serikali, limevuka tu mpaka wa lugha.

Kwa kuwa jina ni la mganga, wapo wanaoamini mataji yanatokana na hirizi. Haya, tuangalie taji kubwa kuliko yote, Kombe la Washindi Afrika la mwaka 1987. Gor ilitoka sare ya mabao 2-2 na Espérance kule Tunis, kisha 1-1 Kasarani, ikashinda kwa kanuni ya bao la ugenini. Mganga gani huyo anayejua kanuni za shirikisho?

Nikarudi kwa herufi za AFC. Wengi hudai ni Abaluhya Football Club, na hapo ukweli una pande mbili. Mwaka 1980 serikali ya Moi ilipiga marufuku vyama vya kikabila, na klabu zenye majina ya kabila zikalazimika kuyavua. Luo Union ikawa Re-Union. Gor nayo, ingawa jina lake ni la mtu mmoja, ikapita kwa muda katika jina la Gulf Olympic Rangers, na ukisoma herufi za mwanzo utaona ujanja wao. Abaluhya FC ikawa All Footballers Confederation, yaani shirikisho la wachezaji wote, ikaongezwa Leopards mwishoni. Kwenye karatasi, A ni ya "All". Moyoni mwa baba mkwe wangu, A ni ile ile ya zamani. Ninavyoona mimi, waliobuni jina hilo walijua wanachofanya: waliitii amri na kuhifadhi herufi.

Yule kijana mwenye sauti alikuwa amevaa fulana ya buluu yenye mnyama kifuani. "Basi mimi ni Ingwe," akasema, "duma mwenyewe."

Nikamwomba anyooshe fulana. Ingwe ni chui, na jina hilo hilo analo Mzulu wa Afrika Kusini, maana sisi sote wa Kibantu tulitoka na maneno hayo jikoni kwa nyanya mmoja. Chui ana madoa yaliyojikusanya kama pete, yana uwazi katikati. Duma ana vitone vilivyojaa na mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka machoni hadi mdomoni, kama aliyelia. Fulana ya kijana ilikuwa na vitone vilivyojaa na machozi. Wauzaji wa vituo vya matatu huchapa paka yeyote wanayempata. Klabu yenyewe haina kosa.

"Kijani ni cha Mjaluo, buluu ni ya Mluhya"

Ni kweli Gor huvaa kijani na nyeupe, na Leopards buluu na nyeupe. Lakini ukisema rangi ni kabila, nenda katikati ya Kakamega, kwa Waluhya wenyewe, uone timu ya Shule ya Kakamega inaitwaje: Green Commandos. Kijani kitupu, na hakuna aliyewauliza pasi ya kusafiria. Musingu, jirani zao, ni Scorpions, yaani nge. Shule zetu zina majina makali kuliko jeshi.

Na hapa kuna kitu kinachonifurahisha. Komando wa Kakamega ni wanafunzi wenye mtihani wa hesabu Jumatatu. Wanajeshi halisi, kwa upande mwingine, waliunda timu mwaka 1995 wakaipa jina la upole, Ulinzi Stars, hata wapo wanaodhani ni timu ya kampuni ya masoja wa kulinda mageti. Ni timu ya vikosi vya ulinzi vya Kenya. Kwa miaka mingi walichezea Afraha hapa Nakuru, wakachukua ligi mwaka 2003, 2004, 2005 na 2010, na sisi wenyeji tukawapenda bila kuuliza kwao ni wapi.

Maana Nakuru ina historia yake, na watu huisahau. Uliza kijana yeyote bingwa wa kwanza wa ligi ya Kenya ni nani, atakuambia Gor au Leopards. Ligi ilianza mwaka 1963 na bingwa alikuwa Nakuru AllStars, wakati Gor na Abaluhya zote hazijazaliwa. Wakarudia mwaka 1969.

Mengine niliyapitia haraka, tulikuwa tumeshafika Ahero na watu wameanza kununua samaki dirishani. Wanyore ni jina la utani la klabu ya raga ya Nakuru, iliyochukua Kombe la Kenya mwaka 2013 na 2014. Ukitafuta uwanja wao Bunyore utarudi bila kitu, na wakwe zangu wamekwisha choka kuelekeza watu. Dala Sevens, mashindano ya raga ya Kisumu, si jina la mzungu fulani kama Prinsloo ya Nakuru. Dala ni nyumbani kwa Kidholuo. Shabana ya Kisii si neno la Kigusii, ni jina la duka la vifaa vya ujenzi lililoizaa timu mwaka 1980. Kigusii kipo kwenye kauli mbiu yao, Tore Bobe, yaani tuko wabaya, na mpinzani hujionea mwenyewe.

"Sasa mzee," akauliza yule mpole, "kama si vita vya kabila, kwa nini Gor na Ingwe zikikutana kunakuwa moto vile?"

Nikamuuliza mchezo huo unaitwaje. Akasema, debi ya mashemeji. Basi, shemeji ni nani? Ni mtu ambaye unaweza kumtania mpaka mama yake, kwa sababu dada yako yuko nyumbani kwake. Waluo na Waluhya wameoana kiasi kwamba siku ya mechi nusu ya nyumba hukaa kimya na nusu nyingine hupika. Sisemi fujo hazijawahi kutokea. Ila anayeliona jina hilo kama chambo cha amani kilichobuniwa ofisini hajawahi kula Jumapili kwa wakwe zake baada ya kufungwa. Mimi nimekula. Nyama hupimwa.

Tukashuka Kisumu jua likiwa limeelekea ziwani. Nilikuwa nikitafuta begi langu nilipomsikia yule kijana wa fulana ya buluu akimwambia utingo, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa akijua: "Wewe unadhani SoNy ni ya Wajapani? Ni South Nyanza, buda. Watu hawasomi."