Ukiripoti, mtoto hachukuliwi: jinsi Ustawi wa Jamii tunavyoshughulikia shauri la mtoto

Kila inapokaribia minada ya korosho, mabenchi nje ya ofisi zetu hujaa. Wapo kinamama wanaodai matunzo, mabibi walioachiwa wajukuu tangu msimu wa kulima, walimu wanaofuatilia watoto ambao hawajaonekana darasani kwa wiki kadhaa. Hao angalau wamefika. Kinachotusumbua ni wale wasiofika, kwa kuwa huko kijijini wameambiwa kwamba ukipeleka habari za mtoto Ustawi wa Jamii, kesho yake gari la serikali linakuja kumchukua na hutamwona tena. Maneno hayo yapo Tandahimba, yapo Nanyumbu, yapo Mtwara mjini, na kwa wenzetu wa Lindi yamefika hadi Liwale na Kilwa. Si ya kweli. Kwa uzoefu wetu, mtoto anayelazimika kuondolewa kwao ni yule ambaye watu waliijua shida yake wakanyamaza, mpaka nyumbani kukawa hakukaliki tena.

Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka mwananchi yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi au mlezi mwenye uwezo anakataa kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu au elimu, aifikishe taarifa hiyo kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Huo ni wajibu, hauachwi kwa anayependa. Wala hauwahusu ndugu peke yao. Jirani anao, mwalimu anao, na dereva wa bodaboda anayekodiwa usiku kumpeleka binti mahali asipoelewa naye anao. Mwenyekiti wa kijiji au mtaa, mtendaji, ofisi ya Ustawi ya halmashauri, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au simu namba 116 ambayo haikatwi salio: popote hapo taarifa imefika.

Tunaomba mtuelewe katika jambo moja. Huhitaji kuja na ushahidi. Wapo watu wema kabisa wanaokaa na jambo miezi wakisema wanasubiri wapate uhakika. Kuchunguza ni kazi yetu na ya polisi. Ukimweka mtoto kibarazani ukamhoji mbele ya majirani, kisha shangazi akamhoji upya, kisha mwenyekiti naye akamhoji, anapofika kwetu ameshachoka, ameshatishwa, na maelezo yake yana maneno ya watu wazima ndani yake. Mpe maji, mwambie hana kosa, mlete. Jina la aliyetoa taarifa hatumtajii mtuhumiwa.

Taarifa ikifika huandikwa kwenye rejista na kufunguliwa jalada lenye namba yake. Iulize na uiandike, itakusaidia kufuatilia. Afisa hupima kwanza uzito wa hatari. Mtoto aliyejeruhiwa, aliyefanyiwa ukatili wa kingono, au anayelala nyumba moja na mtu anayemdhuru hashughulikiwi kwa barua ya wito. Hapo tunakwenda, na polisi tunakwenda nao. Katika mashauri mengine tunamtembelea mtoto nyumbani, tunaongea naye peke yake bila mzazi wala mtuhumiwa kuwapo, tunaongea na mwalimu wake, tunaangalia kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa kama kipo. Baada ya hapo mzazi au mlezi huitwa ofisini. Mazungumzo hufanyika, na yaliyoamuliwa huandikwa na kusainiwa: nani atatoa nini, lini, na tutakuja kukagua tarehe ngapi. Asiyetekeleza shauri lake linakwenda Mahakama ya Watoto. Mashauri mengi huishia kwenye karatasi hiyo na ziara za ufuatiliaji zinazofuata, na mtoto analala kitandani kwake kama kawaida.

Sasa, kuondolewa. Afisa Ustawi hana mamlaka ya kumchukua mtoto akakaa naye anavyotaka. Hatari ikiwa ya haraka, mtoto hupelekwa mahali salama na shauri hufikishwa mahakamani. Amri ya matunzo, yaani ya kumweka mtoto chini ya uangalizi nje ya kwao, hutolewa na mahakama, na haiwezi kuzidi miaka 3 au siku mtoto atakapofikisha miaka 18, lolote litakalotangulia. Hata baada ya amri hiyo, swali la kwanza tunalouliza ni ndugu: bibi, mjomba, shangazi, dada mkubwa mwenye mji wake. Wakikosekana ndugu, ipo familia ya kuaminika iliyohakikiwa na ofisi. Makao ya watoto ni mahali pa mwisho. Anayesema tunawapeleka watoto makao ili "kujaza vitanda" hajawahi kuona jinsi tunavyohangaika kutafuta ukoo wa mtoto mmoja, kutoka Masasi hadi Nachingwea, kwa jina la babu tu.

Hapa Kusini ukoo unahitaji kuelezwa vizuri, maana mashauri mengi yanakwama hapo. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Tunauheshimu mpangilio huu, na umetusaidia sana: tunapotafuta mlezi wa dharura, mjomba mara nyingi ndiye anayejitokeza akiwa bado hajamaliza kusikiliza habari. Lakini unatumika vibaya kwa namna mbili. Ya kwanza ni baba anayekaa mbele ya meza yangu na kusema kwamba watoto ni wa ukoo wa mama yao, wajomba watawalea, yeye hahusiki. Anahusika. Sheria inamtaka mzazi kumtunza mtoto wake, na haikutoa msamaha kwa mila ya upande wowote. Kukiuka wajibu huo ni kosa ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Ya pili ni mjomba anayekubali posa ya binti wa miaka 15 kwa kuwa "mwenye mtoto ni mimi". Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2016 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinakwenda kinyume na Katiba. Na binti akiwa mwanafunzi wa msingi au sekondari, anayemuoa au kumpa mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mjomba asidhani kwamba aliyesaidia kufanikisha ndoa hiyo atabaki kuwa shahidi. Sheria inamgusa naye.

Kuhusu matunzo, ushauri mmoja wa vitendo kwa kinamama: msisubiri fedha za korosho zitoke ndipo mje. Zikishatoka, baba amenunua pikipiki, amelipa madeni ya dukani, na tunapomwita hana kitu cha kuonyesha. Njooni mapema, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto au hata kadi ya kliniki, namba ya simu ya baba, na jina la chama cha msingi cha ushirika anachouzia korosho. Makubaliano yakishaandikwa kabla ya mnada wa kwanza, ni rahisi zaidi kuyasimamia. Kwa akina baba wanaolalamika kwamba ofisi inawapendelea wanawake: sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni bora akae na mama yake, lakini mahakama inaweza kuamua vinginevyo ikionyeshwa sababu. Leteni sababu. Kumchukua mtoto kwa nguvu njiani akitoka shule kunadhoofisha hoja yenu.

Jando na unyago. Hatuzuii. Tumesema hivyo kwenye mikutano ya vijiji, tumesema redioni, na bado kila likizo ya Juni tunaambiwa Ustawi wanakuja kuvunja ngoma. Wengi wetu tumezaliwa huku na tumechezwa, yaani tumepitia ngoma hizo. Tunachotaka ni kibali cha ngoma kiombwe kwa mtendaji, wali, yaani watoto wanaochezwa, wawe wametoka kabla shule hazijafunguliwa, tohara ifanywe na mtaalamu wa afya, na mtoto wa darasa la pili asifundishwe mambo ya ndoa kwa sababu tu mzazi ameona ni nafuu kumcheza pamoja na dada yake. Makungwi na manyakanga (wakufunzi na viongozi wa ngoma) wanaokaa na maafisa na kukubaliana umri na mafundisho tunawashukuru kwa dhati, kwa kuwa wanasikilizwa kuliko sisi. Binti kuchezwa hakumfanyi mtu mzima. Mwanamume anayejitetea kwamba "alikuwa ameshachezwa" hana utetezi wowote mbele ya sheria. Mtoto ni mtu yeyote wa chini ya miaka 18.

Hapo tunafika kwenye jambo linalotuumiza kuliko yote, kumalizana. Mtoto amebakwa. Wazee wanakaa chini ya mkorosho, upande mmoja unatoa mbuzi na laki kadhaa, upande wa pili unapokea, karatasi inasainiwa na, samahani kusema, wakati mwingine kiongozi wa kijiji anaigongea muhuri. Karatasi hiyo haina maana yoyote kisheria. Kubaka mtoto ni jinai, mlalamikaji ni Jamhuri, na familia haina haki ya kusamehe kwa niaba yake. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Anayepokea malipo ili kuficha kosa naye anaweza kushtakiwa. Tukiuliza kwa nini walimalizana, tunajibiwa kwamba kesi zenyewe hazifiki popote. Zinashindwaje kufika popote ikiwa mtoto ameogeshwa, nguo zimefuliwa, na siku ya shahidi kuitwa familia nzima imehamia shambani?

Kwa hiyo zingatieni saa 72. Ndani ya muda huo mtoto anaweza kupewa dawa za kumkinga na maambukizi ya VVU, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyosaidia zaidi. Asiogeshwe. Nguo alizovaa zisifuliwe; ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwenye khanga safi, si mfuko wa nailoni, kwa sababu unyevu huharibu ushahidi. Fomu namba 3 ya polisi, ile mnayoiita PF3, hutolewa kituo cha polisi, lakini ikiwa zahanati au hospitali ndiyo iliyo karibu, nendeni huko kwanza, fomu itafuata. Palipo na Kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na Ustawi mtawakuta mahali pamoja. Na wale wanaosema "neno la mtoto peke yake halitoshi" wanawadanganya wenzao. Katika makosa ya kujamiiana mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto pekee ikiridhika kwamba amesema kweli. Mahakama ya Watoto husikiliza mashauri yake faragha, na Afisa Ustawi huwapo.

Picha za mtoto aliyeumizwa msizisambaze kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria inakataza kuchapisha chochote kinachomtambulisha mtoto katika shauri. Tumewahi kuombwa kuhamisha mtoto shule kwa sababu ya picha tu, wakati aliyemuumiza yuko rumande na mtoto alikuwa ameanza kurudi kwenye masomo. Ukitaka kusaidia, mtumie afisa peke yake picha hiyo, kisha uifute.

Kwa sababu hiyohiyo, tukikataa kukueleza shauri la mtoto wa jirani limefikia wapi, hatukudharau. Mtoa taarifa ana haki ya kujua kwamba taarifa yake imepokelewa na inafanyiwa kazi. Yaliyomo kwenye jalada ni ya mtoto. Ukiona wiki zinapita na hakuna aliyefika kumwona mtoto, rudi na ile namba ya jalada. Maafisa ni wachache, kata ni nyingi, na barabara za baadhi ya vijiji hazipitiki masika, lakini hiyo si sababu ya shauri kulala. Usipojibiwa, andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, taja namba ya jalada, tarehe uliyoripoti na ofisi uliyoripoti, na baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.