Ukisema "Nina Mishipa", Daktari Anasikia Nini?

Mgonjwa anaketi, anashusha pumzi, anasema: "Daktari, mimi nina mishipa." Kwake maelezo yamekwisha. Kwangu mimi ninayetibu magonjwa ya ubongo na neva, ndiyo kwanza yanaanza. Mshipa unaweza kuwa wa damu. Unaweza kuwa wa fahamu, yaani neva. Wapo wanaoita mshipa ile kano inayoshikiza msuli kwenye mfupa, na wapo wanaosema mshipa kwa kuona haya kutaja ngiri au busha.

Basi huuliza unachokihisi. Ganzi, kuchomwachomwa kama kwa pini, nyayo kuwaka moto usiku: hayo mara nyingi ni ya neva, na mwenye kisukari asiyapuuze hata siku moja. Maumivu ya shavu la mguu yanayokuja ukitembea na kutulia ukisimama hunifanya nifikirie kwanza mishipa ya damu. Ukinieleza hivyo umenisaidia kuliko ukiniletea jina la ugonjwa.

Uti wa mgongo nao una mtego wake. Homa ya uti wa mgongo haihusiani na mgongo unaouma kwa kuinama kutwa. Ni uvimbe wa utando unaofunika ubongo na ugwe wa mgongo, ile kamba laini ya neva inayopita ndani ya pingili. Homa kali, kichwa kinachopasuka, shingo iliyokakamaa, macho yasiyotaka mwanga: huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Wazazi huniuliza sana kuhusu degedege na kifafa, na nawaelewa, kwa kuwa mtoto anayetetemeka anatisha vilevile kwa lolote kati ya hayo mawili. Degedege la homa huwapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, na wengi wao hawapati kifafa baadaye. Hata hivyo homa yenyewe lazima ichunguzwe, kwani malaria kali na homa ya uti wa mgongo nazo huleta degedege. Kifafa ni tabia ya ubongo kurudia kushtuka bila homa wala sababu nyingine ya papo hapo. Povu la mgonjwa haliambukizi. Mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika 5, tafuta msaada wa dharura. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mishtuko wakipata dawa zinazofaa. Inaniuma kila ninapomwona aliyefichwa ndani miaka kwa miaka.

Mtindio wa ubongo ni tatizo la mwendo na mkao wa mwili, na wengi walio nao wana akili timamu. Tafadhali tusiwabandike jina hilo watoto wote wanaochelewa kujifunza, wala wenye usonji, yaani wanaopata ugumu wa kuwasiliana na kuchangamana na wengine.

Kwenye afya ya akili, neno linalochanganya zaidi ni "msongo". Msongo wa mawazo huja na mzigo na kwa kawaida hupungua mzigo ukitua. Sonona, neno lililo ndugu na kusononeka, hukaa. Tunaitambua pale huzuni au kukosa hamu ya mambo yote kunapodumu wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, pamoja na usingizi kuvurugika, chakula kutopita, mwili kuchoka, pengine na mawazo ya kufa. Anayeambiwa "ni msongo tu, utapita" hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kunakonitia hofu.

Skizofrenia ilipewa jina na Eugen Bleuler, daktari wa akili wa Uswisi, mwaka 1908, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya akili iliyopasuka. Tangu hapo watu hudhani mgonjwa ni watu wawili katika mwili mmoja. Sivyo: husikia sauti zisizosikiwa na wengine, hushika imani zisizotikisika, fikra zake hukosa mpangilio. Japani walibadilisha jina la ugonjwa huu mwaka 2002 kwa sababu lile la awali liliwaaibisha wagonjwa. Sisi tuanze kwa kuacha kumwita mtu kichaa.

Narudi kwenye mshipa. Kiharusi ni mshipa wa damu kuziba au kupasuka ubongoni; kupooza ni dalili yake mojawapo. Katika toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022, kiharusi kimehamishwa kutoka magonjwa ya mzunguko wa damu na kuwekwa kwenye magonjwa ya mfumo wa neva. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea, maneno yakigoma kutoka, mkimbizeni mgonjwa, na mje na jibu la swali moja: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Kwa kawaida, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu hapo.