Miwani ya uhalisia pepe na sindano ya mtoto: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ni katuni tu, ila ya bei mbaya.

Miwani ya uhalisia pepe (VR) hufunika macho na kumwonyesha mtoto mchezo unaomzunguka pande zote, ili akili yake iwe mbali na sindano. Mtoto anayetazama katuni kwenye simu bado anaiona trei, glavu na mkono wa nesi kwa pembeni. Miwani humzibia vyote hivyo asivione, kisha humpa kazi ya kufanya. Hunter Hoffman na David Patterson wa University of Washington, Seattle, walianza kuitumia kwa wagonjwa walioungua moto mwishoni mwa miaka ya 1990. Programu yao, SnowWorld, humpitisha mgonjwa katikati ya magenge ya barafu huku akirusha mipira ya theluji, wakati kidonda chake kinasafishwa. Mwaka 2004 kundi la Hoffman lilionyesha kwa picha za MRI kwamba shughuli katika sehemu tano za ubongo zinazohusika na maumivu zilipungua mtu alipokuwa ndani ya programu.

Dhana: Basi ganzi haina kazi tena.

Inayo. Krimu ya ganzi ya lidokeini na prilokeini inahitaji kama dakika 60 chini ya plasta ya nailoni, kwa hiyo ianze yenyewe, miwani ifuate. Kwa kidonda cha moto, dawa ya maumivu hutangulia pia. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, shirika linalopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 17 yenye washiriki 1,008 wa miaka 4 hadi 18, na yakaona ushahidi bado ni dhaifu. Anayekuahidi sindano isiyouma kabisa ni muuzaji.

Dhana: Ukishamvisha, choma.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtoto aliyevishwa sasa hivi bado anashangaa, hajazama. Mpe dakika tatu hadi tano za kucheza kabla hujafunga toniketi, ule mpira wa kubana mkono. Miwani yenyewe ina uzito wa karibu nusu kilo. Mkanda wake ukilegea inateleza puani, picha inakuwa na ukungu, naye anaanza kuishikashika kwa mkono uleule uliotaka kuuchoma.

Mkono wa sindano usishike rimoti. Mpe rimoti mkono wa pili, au chagua mchezo unaoendeshwa kwa kutazama tu. Kama atalala chali, rekebisha picha iwe katikati *baada* ya kulala. Ukifanya hivyo akiwa amekaa, mchezo utabaki ukutani naye anatazama dari. Usizime taa za chumba: aina nyingi hujua zilipo kwa kamera zake, na gizani picha huyumba. Pakua programu mapema, maana intaneti ya wodini si ya kuitegemea. Sauti iwe ya chini kiasi cha kumsikia mama yake.

Anachokiona mtoto ndani ya miwani kionyeshwe pia kwenye kishikwambi, nesi akifuatilie. Nesi akisema "Ehee, samaki yule pale kulia, mkamate!" anamrudisha mchezoni. Akiuliza "Inauma?" amemtoa.

Dhana: Asiambiwe kwamba anachomwa.

Akishtukizwa mara moja, safari ijayo hata miwani yenyewe ataikataa. Mwambie kabla ya kuvaa: utasikia baridi ya spiriti, kisha nitakuchoma. Mkubaliane kama anataka kuhesabiwa. Tena wapo watoto wanaotulia kwa kuangalia sindano ikiingia. Hao ukiwafunika macho unawaongezea hofu. Waache waangalie.

Dhana: Inamfaa kila mtoto.

Usimvishe mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga unaomweka, jeraha la kichwa au uso, maambukizi ya macho, au anayetapika. Kichefuchefu hutokea pale macho yanaposema tunakwenda na sikio la ndani linasema tumekaa. Kwa hiyo acha michezo ya kuruka na kukimbia, chagua ile ambayo mtoto yuko palepale na vitu ndivyo vinavyomjia. Kuhusu umri, kampuni ya Meta imeweka miaka 10 kuwa umri wa chini kwa miwani yake ya Quest. Hospitali zimewahi kuwavisha hata wa miaka 4 kwa dakika chache, chini ya usimamizi, lakini uso mdogo huacha mwanya wa mwanga chini ya pua, na kutoka hapo mtoto huchungulia sindano.

Dhana: Kuipangusa kwa kitambaa kunatosha.

Sponji inayogusa uso hunyonya jasho na machozi. Ifunikwe kwa kava la kutupwa kila mtoto, au iwe ya silikoni inayofutika. Plastiki na rimoti zifutwe kwa dawa ambayo mtengenezaji ameiruhusu, zikauke zenyewe. Lenzi, kitambaa laini kikavu tu. Spiriti huzitia ukungu usiotoka.