Mkurya wa Tarime na Mkurya wa Migori: kabila si uthibitisho wa uraia

Malalamiko ya wananchi wa Tanzania walio mpakani na Kenya kuhusu uhakiki wa uraia yanaongezeka, hasa wanapoomba vitambulisho vya taifa. Hoja kubwa ni ile ile: "Mimi Mkurya, na Wakurya tuko Tarime tangu enzi." Hiyo haitoshi. Vilevile, kuwa na ndugu Migori, upande wa Kenya, hakukuondolei uraia wako, na afisa yeyote anapaswa kulijua hilo.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari wa mpaka kutoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Victoria, ukiuzunguka Kilimanjaro. Wakurya, Wamaasai na Wadigo hawakuulizwa. Lakini mstari peke yake haukuzaa Mkenya wala Mtanzania. Yaliyofuata ndiyo yaliyowazaa: huko Kenya, kipande, yaani kitambulisho cha kikoloni ambacho mwanaume Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho; huku Tanganyika, chama cha TANU, Kiswahili cha shuleni na ofisini, na kufutwa kwa uchifu baada ya uhuru. Wajukuu wa babu mmoja wakakua chini ya bendera mbili. Mwaka 1964 wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana Cairo kuiheshimu mipaka iliyorithiwa, kwa hiyo kubishana dirishani nani alitangulia mstari ni kupoteza muda wako.

Sheria inauliza tarehe na wazazi. Tarehe 9 Desemba 1961, mzaliwa wa Tanganyika aliyekuwa chini ya himaya au ulinzi wa Uingereza alikuwa raia iwapo angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Ndiyo maana sisi tunaohakiki uraia tunaulizia bibi na babu, si kwamba tunakudharau. Leta cheti cha kuzaliwa. Ukikikosa, leta cha ubatizo au cha shule, barua ya kijiji yenye muhuri, na vielelezo vya mzazi. Kiapo cha mahakamani huongezea nguvu tu. Kuapa uongo ni kosa la jinai, na anayegonga muhuri huku akijua ukweli naye hasalimiki.

Jambo linalosumbua sana: Kenya iliruhusu uraia pacha kwa Katiba ya 2010, lakini Sheria yetu ya Uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima. Mwenye vitambulisho vya nchi zote mbili aje mwenyewe mapema, tumsikilize.

Wamakonde wa Kwale waliishi Kenya kwa vizazi bila vitambulisho hadi Serikali ya huko ilipoanza kuwatambua mwaka 2016. Hawakutakiwa kuacha Umakonde wao. Nawe ukiambiwa vielelezo vimepungua, uliza kipi, kisha urudi nacho. Usiende kwa vishoka, yaani madalali wasio rasmi.