Bei ya Mvinyo Inatoka Wapi, na Kwa Nini Wageni Wetu Hawaagizi Kama Zamani

Vijana wengi wanaohudumia mvinyo katika hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje hawaunywi, wala hawahitaji kuunywa ili waijue biashara yake. Hata hivyo mgeni huwauliza kwa nini chupa hii ni shilingi 60,000 na jirani yake ni 400,000, na mwenye hoteli humuuliza mnunuzi wake kwa nini stoo imejaa mvinyo mwekundu usiotoka. Maswali haya mawili yana uhusiano, na anayepata riziki katika utalii wetu anastahili majibu yake.

Nianze na jambo linalowashangaza wanafunzi wetu: kwenye chupa ghali, kilichomo ndani ni sehemu ndogo tu ya bei. Chupa ya kawaida ya mililita 750 hutokana na zabibu za kilo moja hivi au zaidi kidogo. Mvinyo ukikomazwa ndani ya pipa jipya la mwaloni gharama hupanda, kwa sababu pipa la Ufaransa la lita 225 huuzwa kwa euro mia kadhaa. Lakini pipa hilo hujaza chupa 300, kwa hiyo kila chupa hubeba euro chache tu. Ongeza vibarua, kioo, kizibo na lebo, bado hujafika mbali. Jasho la mkulima peke yake halielezi tofauti kati ya 60,000 na 400,000.

Kinachoieleza ni uhaba na jina. Shamba la Romanée-Conti huko Burgundy, Ufaransa, halifiki hekta 2 na hutoa chupa elfu chache kwa mwaka. Hata dunia nzima ikizitaka, shamba haliwezi kutanuliwa, na sheria ya Ufaransa hairuhusu zabibu za jirani zitumie jina hilo. Wanaobaki kushindana ni wenye fedha. Wapemba watalielewa hili upesi: karafuu huchumwa Wete na Mkoani, lakini bei yake kwa miaka mingi imetegemea viwanda vya Indonesia vya kretek, yaani sigara zinazochanganywa na karafuu. Mvinyo nao, bei yake huamuliwa zaidi na anayeutaka kuliko anayeutengeneza.

Hali ya hewa huingia hapo kwa namna ya kuvutia. Mwanauchumi Orley Ashenfelter wa Chuo Kikuu cha Princeton alionyesha kwamba bei ya mvinyo mwekundu wa Bordeaux, eneo jingine la Ufaransa, ukishakomaa inaweza kukadiriwa mapema bila hata kuuonja. Alitazama mvua ya majira ya baridi yaliyotangulia, joto la miezi ya kukua, ukavu wa Agosti na Septemba zabibu zinapoiva, pamoja na umri wa mvinyo wenyewe. Baadhi ya waonjaji mashuhuri walimpinga vikali. Mimi naona hoja yake ina nguvu, kwa kuwa mwaka mbaya wa hewa hupunguza wingi na ubora kwa pamoja, kama jalidi ya Aprili 2021 ilivyounguza machipukizi ya mizabibu sehemu kubwa ya Ufaransa.

Jina nalo lina umri mrefu. Mwaka 1855 mvinyo wa Bordeaux ulipangwa kwa madaraja kwa ajili ya maonyesho ya Paris, na madaraja hayo, karibu bila kuguswa, bado yanavuta bei leo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watafiti wa California waliwapa watu mvinyo uleule mara mbili, mara moja wakiambiwa ni wa dola 10 na mara nyingine wa dola 90. Waliusifu zaidi ulipotajwa kuwa wa 90, na vipimo vya ubongo vilionyesha kwamba raha yenyewe iliongezeka. Ndiyo maana nawasihi wahudumu wasimwambie mgeni kwamba ghali ndiyo bora. Mwambieni unatoka wapi, ni mkavu au mtamu, unafaa pweza wa nazi au nyama ya kuchoma.

Kisha kuna safari. Kontena hulipiwa nauli ileile likibeba mvinyo wa kawaida au wa kifahari. Ushuru nao, pale unapohesabiwa kwa lita, hauangalii jina. Kwa hiyo mzigo huo hauonekani kwenye chupa ghali lakini ni mzito mno kwenye chupa rahisi. Mvinyo ulioondoka Stellenbosch, Afrika Kusini, kwa bei ya chini huweza kufika kwetu ukiwa si rahisi tena. Tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi ziliacha kupita Bahari ya Shamu kwa kuhofia mashambulizi, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na shehena za Ulaya zikachelewa kwa gharama kubwa zaidi. Mwanzoni mwa 2024 tuliona jambo lililotugusa hapa hapa Zanzibar: leseni za kampuni tatu zilizokuwa zikiagiza vileo hazikuhuishwa, bidhaa ikaadimika na bei zikapaa. Mavuno ya dunia hayakuhusika hata kidogo. Hatimaye hoteli huzidisha bei ya kununulia, mara nyingi mara 2 hadi 4, ili kulipia umeme wa stoo, glasi zinazovunjika, mishahara, na chupa iliyofunguliwa isimalizwe.

Upande wa mnywaji, mabadiliko ni makubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Shirika la Kimataifa la Mizabibu na Mvinyo, OIV, linakadiria kwamba mwaka 2024 dunia ilitumia hektolita milioni 214, yaani lita bilioni 21.4, kiwango cha chini kabisa tangu 1961. Mwaka 2007 zilikaribia hektolita milioni 250. Mfaransa wa mwaka 1960 alikunywa kwa wastani zaidi ya lita 100 kwa mwaka. Wa leo hafikii 50. Zamani mvinyo ulikuwa sehemu ya chakula cha mchana cha kila siku. Sasa watu wanakula haraka kazini, waliokulia na desturi ile wanapungua, na vijana wengi wanachagua vinywaji vingine au hawanywi kabisa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya, na ujumbe huo unasikika.

Mwaka huohuo Ufaransa ilitenga euro milioni 200 kununua mvinyo uliozidi, ili spiriti yake ikatengenezee vitakasa mikono na manukato, na Bordeaux ikaanza kung'oa maelfu ya hekta za mizabibu. Je, bei imeporomoka? Kwa mvinyo mwekundu wa kawaida, wakulima wengi wanauza kwa hasara. Lakini wastani wa bei ya mvinyo unaouzwa nje ya nchi ulibaki juu, kiasi cha euro 3.60 kwa lita mwaka 2024, kwa sababu mavuno nayo yalikuwa madogo, gharama zimepanda, na wengi wanaoendelea kunywa wanakunywa kidogo lakini cha bei zaidi.

Mwekundu ndio ulioshuka sana. Mweupe, wa waridi na ule wa mapovu kama Prosecco vinashikilia au kupanda, na joto la pwani yetu linaongeza kasi hiyo. Mnunuzi anayeagiza kwa orodha ya miaka kumi iliyopita anaweka fedha mahali zitakapolala. Na chupa zikilala huharibika: mvinyo unataka nyuzi 12 hadi 15, ilhali stoo isiyopozwa wakati wa kaskazi hupita 30. Ni heri oda ndogo za mara kwa mara, hasa kwa nyumba za wageni za Pemba ambako mzigo husafiri tena kutoka Unguja. Chupa moja hutoa glasi 5 za mililita 150, basi chagueni wa kuuza kwa glasi ule unaoisha siku hiyo. Wekeni pia mmoja wa Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Wageni hupenda kuuliza cha Tanzania, na safari yake ni fupi.

Mvinyo ulioondolewa kileo unaombwa zaidi sasa, na hapa pana jambo la amana. Kwa kanuni za Ulaya, ulioandikwa umeondolewa kileo unaruhusiwa kubaki nacho hadi asilimia 0.5. Mgeni au mwenzako Mwislamu akiuliza, asiambiwe ni sawa na juisi. Aonyeshwe lebo, asome kiwango mwenyewe.