Mafuta ya vidanji hayafai kwa mnyororo wa msumeno

Ujumbe unaozunguka WhatsApp hapa Goma unasema mafuta ya vidanji, yaani mafuta ya injini yaliyokwisha tumika, kwa kuwa ni meusi na mazito, yanalainisha mnyororo wa msumeno kuliko mafuta mapya. Si kweli, tafadhali usiutume tena. Yana masizi na chembe za chuma ambazo kitambaa hakichuji zote. Zinaziba pampu, zinakula bamba la mnyororo (chuma kirefu ambacho mnyororo huzungukia), na mafuta hayo yakirukia ngozi kila siku yanaweza kuleta saratani. Wengi hudanganyika kwa sababu mwanzoni msumeno hukata kawaida.

Ukikosa mafuta ya mnyororo, tia mafuta mapya ya injini, SAE 30 (namba ya uzito wa mafuta, huandikwa kwenye kopo). Kisha elekeza ncha ya bamba kwenye kartoni safi bila kuigusa, injini ikizunguka mwendo wa kati: usipoona mstari wa mafuta, zima, safisha tundu la mafuta na mfereji wa bamba.